Migingo, Kismayu na Swali la Nani Akuzuie

Kila mara habari zinapofika nchi kavu kwamba wavuvi wa Kenya wamekamatwa ziwani karibu na Migingo, injini zao zimechukuliwa na samaki wao kutwaliwa, husikika swali moja kuanzia Muhuru Bay na Sori hadi Mbita: serikali inangoja nini kupeleka jeshi? Wanasiasa hulidaka swali hilo, hulifikisha Nairobi, na kwa siku chache nchi nzima huzungumza vita. Kisha habari hupoa, faini hulipwa, boti hurudi majini, hadi mkasa mwingine. Mtu wa mbali huona rahisi kuwacheka wanaotaka kupigania mwamba. Migingo ina ukubwa wa takriban nusu ekari. Mabati yanaanza ukingoni mwa maji upande huu na kuishia ukingoni upande wa pili. Vibanda vimegusana kuta, duka limeegemea baa, baa imeegemea mahali pa kulala, na hapana udongo wa kupanda hata mche mmoja wa sukuma wiki. Mashariki yake, umbali wa kuogelea, kipo kisiwa kikubwa zaidi cha Usingo, na hicho karibu hakina watu. Lakini aliyehamia Migingo hakufuata ardhi. Alifuata mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, na ambaye siku hizi hatafutwi kwa minofu peke yake. Mabondo yake, yale mafuko ya hewa yanayokaushwa na kuuzwa Asia, huleta pesa nyingi kwa kilo kuliko nyama yenyewe. Kenya ina asilimia 6 hivi ya Ziwa Victoria. Uganda ina 43 na Tanzania 51. Katika asilimia hizo 6 zimebanana fuo zote za Migori, Homa Bay, Kisumu, Siaya na Busia. Mvuvi wa Suba akiyafuata maji ya kina, ambako mbuta wakubwa wanapatikana, huufikia mpaka kabla hajamfikia samaki.

Kwa hiyo swali la kupeleka jeshi si la kipuuzi, na linastahili jibu lenye hoja. Jibu la sura hii ni kwamba nchi isiende vitani peke yake palipo na wenzake wa kushauriana nao, isipokuwa pale inapomfukuza mvamizi aliyekwisha kuingia ndani. Sababu yangu, hata hivyo, si ile tunayoizoea. Tumelelewa na methali kwamba umoja ni nguvu, na ni kweli kwa mambo mengi, lakini katika vita ukweli wake ni mdogo kuliko tunavyodhani. Majeshi ya nchi tano hayana nguvu mara tano. Yana lugha tano za amri, bajeti tano, na marais watano wenye chaguzi zao. Faida ya kwenda pamoja iko kwingine, na majenerali hawaipendi: mwenzako anaweza kukukatalia. Anaweza kukuuliza unakwenda wapi, utajuaje kwamba umefika, na utarudi lini. Muungano ambao ndani yake hakuna mtu mwenye uwezo wa kuuliza hayo na kungoja jibu hauna tofauti na kwenda peke yako. Kilichobadilika ni kwamba gharama na lawama zimegawanywa.

Tuanze na vita ambavyo Kenya ilivianzisha kwa uamuzi wake. Septemba 2011 mtalii Mwingereza aliuawa na mkewe akatekwa Kiwayu, Lamu. Oktoba mosi mwanamke Mfaransa akatekwa Manda, na Oktoba 13 wafanyakazi wawili Wahispania wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka wakachukuliwa katika kambi ya Dadaab. Siku mbili baadaye mawaziri George Saitoti na Yusuf Haji waliwaambia waandishi wa habari kwamba Kenya itawafuata wapiganaji wa Al-Shabaab wa Somalia, iliowalaumu kwa utekaji huo, huko huko waliko, wakitegemea kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kinachoruhusu nchi kujitetea. Operesheni Linda Nchi ikaanza. Katiba mpya ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na wiki chache. Ndani yake Bunge la Taifa limepewa kazi ya kuidhinisha tangazo la vita, lakini wabunge hawakuulizwa kabla ya magari ya deraya kuvuka mpaka. Umoja wa Afrika ulikuwa na jeshi lake Somalia tangu 2007, likiongozwa na Waganda na Warundi, nalo halikuwa sehemu ya mpango. Na serikali ya Somalia, ambayo Kenya ilisema inaisaidia? Kabla ya wiki mbili kwisha, Rais Sheikh Sharif Ahmed alijitokeza hadharani kusema kwamba hakupendezwa na kuingia kwa jeshi hilo, ikabidi mikutano ya haraka ifanywe ili taarifa za nchi hizo mbili zifanane. Wakati huo mvua zilikuwa zimeanza, na njia za udongo za upande wa Juba zilikuwa zimegeuka tope linalomeza magurudumu. Yeyote mwenye uzoefu wa kusini mwa Somalia angeweza kutaja majira ya mvua bila kufungua kitabu. Ila hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuyataja mezani, kwa sababu meza yenyewe haikuwapo.

Kuna jambo kubwa kuliko tope. Lengo la vita hivyo lilibadilika kila mwezi. Mwanzo lilikuwa kuwasaka watekaji nyara. Kisha likawa kutenga eneo salama la kuukinga mpaka wa Kenya. Halafu likawa Kismayu, bandari iliyokuwa ikiwapa Al-Shabaab mapato. Nchi iliyo peke yake inaweza kuhamisha magoli namna hiyo bila mtu kupiga filimbi. Februari 2012 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2036, likapandisha idadi ya askari wa AMISOM, jeshi hilo la Umoja wa Afrika, hadi 17,731 na kuwapa Wakenya nafasi ndani yake. Katikati ya mwaka huo wanajeshi wa Kenya, KDF, wakavaa kofia za Umoja wa Afrika, na mwishoni mwa Septemba wakaingia Kismayu wakitokea baharini huku wapiganaji wa Kisomali wa Ras Kamboni, washirika wa Kenya, wakija kwa nchi kavu. Wengi huihesabu hatua hiyo kuwa ni Kenya kuacha upweke na kujiunga na wenzake. Kwa maoni yangu ilikuwa nusu ya hatua. Kenya ilipata posho za askari zilizolipwa na Umoja wa Ulaya na huduma za vifaa kutoka Umoja wa Mataifa; lengo lake halikubadilika, na sekta yake ilibaki ile ile ya kusini inayopakana nayo. Azimio hilo hilo la 2036 lilipiga marufuku biashara ya makaa kutoka Somalia, na bado wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti baadaye kwamba makaa yaliendelea kupakiwa Kismayu, wakawataja wanajeshi wa Kenya miongoni mwa waliohusika. Serikali ya Kenya ilikanusha. Vyovyote iwavyo, muungano uliopokelewa baada ya vita kuanza haukuwa na nguvu ya kumkatalia mwanachama wake. Ulikuja kulipia safari iliyokwisha kuanza.

Haki inanilazimu kutaja upande wa pili wa mizani. Westgate, Septemba 2013, waliuawa watu 67. Mpeketoni, Juni 2014, zaidi ya 60. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, watu 148. El Adde, Januari 2016, kambi nzima ya KDF ilivamiwa, na serikali haijawahi kutangaza rasmi idadi kamili ya waliokufa. Mtu anaweza kusema kwamba haya yote ni malipo ya kwenda peke yako mwaka 2011. Hoja hiyo ina pengo. Uganda iliingia Somalia kwa mlango wa Umoja wa Afrika tangu siku ya kwanza, na Julai 11, 2010 mabomu yalilipuka Kampala usiku wa fainali ya Kombe la Dunia na kuua watu zaidi ya 70. Adui hakagui muhuri wa ruhusa kabla ya kulipiza kisasi. Anayetetea vita vya pamoja kwa ahadi kwamba vitawapunguzia raia hatari anauza kitu asichokuwa nacho. Kinachoweza kupunguzwa ni upofu wa wale wanaoamua.

Pingamizi zito dhidi ya hoja yangu liko ng'ambo ya ziwa hili hili. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka na kuiteka pembe ya Kagera ya Tanzania, kaskazini ya mto, yakaua raia, yakaswaga ng'ombe, na Amin akatangaza kwamba ardhi hiyo sasa ni ya Uganda. Tanzania iliutaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulaani uvamizi. Umoja huo ukatuma wapatanishi, ukazungumza juu ya kusitisha mapigano, na haukumtaja mvamizi kwa jina. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekufa mwaka mmoja kabla, 1977, kwa hiyo hapakuwa na jirani wala baraza jingine la kulalamikia. Libya ikamletea Amin askari. Rais Nyerere akapigana. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka, na mwezi Julai huko Monrovia viongozi wa Afrika, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wakiwa mbele, wakaikosoa Tanzania kwa kuvuka mpaka wa nchi mwanachama. Msomaji ana haki ya kuuliza: kama Nyerere angengoja ruhusa ya mkutano huo, Amin angetawala mpaka lini?

Jibu langu lina sehemu mbili, na nazitenganisha kwa makusudi kwa sababu vita vya Kagera navyo vilikuwa viwili. Kumfukuza mvamizi kutoka Kagera hakukuhitaji kibali cha mtu. Ndiyo maana nimeweka ile "isipokuwa" mwanzoni mwa sura, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa nao umeiweka. Kuendelea kutoka Mutukula mpakani hadi Masaka, hadi Kampala, hadi mpaka wa Sudan, ni jambo jingine, na Nyerere mwenyewe aliliona hivyo. Ndiyo maana Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikusanywa Moshi ili nchi yao isije ikatawaliwa na jeshi la kigeni. Ila Moshi ulikuwa mkutano wa wageni wa mwenyeji mmoja. Mwenyekiti aliyechaguliwa, Yusuf Lule, alidumu madarakani siku 68. Aliyemfuata, Godfrey Binaisa, hakumaliza mwaka. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukazua vita vya msituni vilivyoanza Februari 1981. Tanzania ilibeba gharama ya vita na ya ulinzi wa baada ya vita karibu peke yake, uchumi wake ukiwa tayari unayumba, na wazee wa Kagera na Mwanza wanaikumbuka miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni na unga. Ushindi wa peke yako ni wako peke yako, pamoja na bili yake. Lawama ya hayo siiweki Dar es Salaam. Naiweka kwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliokataa kutoa uamuzi wakati uamuzi ulikuwa unahitajika, kisha ukajipa haki ya kulaumu. Baraza likinyamaza mbele ya uvamizi ulio wazi limejivua mamlaka ya kukataza lolote litakalofuata. Kagera basi haithibitishi kwamba nchi ni heri iende peke yake. Inaonyesha jinsi gharama zinavyopanda pale wale ambao wangekuwa wa kushauriana nao wanapokwepa kazi.

Wapo watakaonijia kutoka upande mwingine na kusema kwamba miungano ndiyo huzaa vita vikubwa. Watataja 1914, na watu wa Migori wana sababu ya kuukumbuka mwaka huo. Mpaka wa Waingereza na Wajerumani ulikuwa umepita kusini ya Muhuru, ukawaacha Wajaluo wa Shirati upande mmoja na ndugu zao upande wa pili. Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka na kuingia Kisii, na maji ya Karungu, karibu na ilipo Sori leo, yakaona meli ya Kiingereza Winifred ikikutana na Muansa ya Wajerumani. Vijana wa Kavirondo Kusini walipelekwa kubeba mizigo ya jeshi hadi kusini kabisa ya Tanganyika, na maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki hawakurudi. Wengi zaidi waliuawa na kuhara na malaria kuliko na risasi. Je, huko hakukuwa kwenda pamoja? Kulikuwa, lakini kwa namna ambayo naipinga. Miungano ya Ulaya ya wakati ule ilikuwa ahadi ya kufuata: akipigana huyu, yule naye apigane. Ndani yake hapakuwa na kituo cha kusimama na kuuliza, na makoloni hayakuulizwa hata kwa adabu. Kwenda pamoja ninakokutetea ni kinyume cha hapo, kwa maana kila mmoja anabaki na haki ya kutokwenda.

Afrika Mashariki imejionea aina zote mbili katika Kongo. Agosti 1998 Rwanda na Uganda ziliingia pamoja, kila moja ikisema inalinda mpaka wake. Walikuwa washirika wa karibu, makamanda wao wengi wakiwa wametoka katika vita vile vya msituni vya Uganda. Hapakuwa na azimio wala baraza la kuwawekea mipaka, na Juni 2000 washirika hao walipigana wao kwa wao kwa siku sita katikati ya Kisangani, wakirushiana mizinga juu ya paa za watu wasiohusika na ugomvi wao. Kesi iliyofunguliwa na Kongo ilimfikia Uganda The Hague: mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilimkuta na hatia ya kukiuka mamlaka ya jirani, na Februari 2022 ikaamuru alipe dola milioni 325. Hao walikuwa wawili, na uwili wao haukuwazuia kwa lolote. Linganisha na mwaka 2013. Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2098, liliunda kikosi cha askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, wapatao elfu tatu, kikiwa na kazi iliyoandikwa kwa maneno machache: kuvunja nguvu za makundi yenye silaha mashariki mwa Kongo. Nchi tatu, amri moja, kazi moja, muda uliotajwa. Kufikia Novemba mwaka huo waasi wa M23 walikuwa wameshindwa na kukimbilia nje.

Lakini Novemba 2022 wanajeshi wa Kenya walitua Goma kwa jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki, M23 wakiwa wamerudi, na safari hii hadithi ilikuwa nyingine. Kinshasa ilitaka kikosi kiwapige waasi. Nchi nyingine zilitaka kikosi kisimame katikati. Rwanda, ambayo Kongo na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliishutumu kwa kuwaunga mkono waasi, ilikuwa mwanachama wa Jumuiya hiyo hiyo. Kamanda wa kwanza, Jenerali Jeff Nyagah, aliondoka Aprili 2023 akilalamikia vitisho dhidi ya usalama wake. Desemba kikosi kizima kikaanza kufungasha. Askari wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) waliokuja baadaye hawakuweza kuizuia M23 kuiteka Goma Januari 2025. Hapa wapinzani wangu hufurahi: si hayo matunda ya pamoja yako? Nakubali kwamba kikosi cha Jumuiya kilishindwa, na sioni haya kulisema. Lakini tazama kilishindwa wapi. Swali la kikosi kinakwenda kufanya nini halikujibiwa kabla ya ndege kuruka. Wakuu wa nchi walipeana mikono Nairobi, kila mmoja akiwa na jibu lake mfukoni. Kama wangekaa wakabishana mpaka mmoja akasema "kwa masharti hayo mimi sitoi askari", kikosi kingekuwa kidogo au kisingekuwapo kabisa, na Wakongo wasingepewa tumaini la uongo. Kukataliwa mapema ni huduma, hata kama kunauma.

Wengine husema kushauriana huchukua muda, na adui hangoji. Ni kweli kwa mvamizi aliye ndani ya mipaka, na huyo tumekwisha kumtenga. Kwa vita vingine vyote, haraka inayodaiwa mara nyingi ni haraka ya habari za jioni. Somalia ilikuwa bila serikali kuu yenye nguvu kwa miaka 20 kabla ya Oktoba 2011. Wiki tatu za kuzungumza na Addis Ababa, Kampala na Mogadishu zisingeharibu kitu, na pengine zingeisogeza safari ikaipita mvua.

Turudi Migingo, kwa sababu huko ndiko hoja hii inakopata mtihani wake. Askari wa majini wa Uganda walipandisha bendera kisiwani mwaka 2004. Ugomvi ulifika kilele 2009. Vijana wa Kibera waling'oa sehemu ya reli inayokwenda Uganda, magazeti ya Nairobi na Kampala yakahesabu vifaru vya kila upande, na wabunge wakadai vita waziwazi. Ramani yenyewe haina utata mkubwa. Amri ya mipaka iliyotolewa na mfalme wa Uingereza mwaka 1926 inautaja mstari kisiwa kwa kisiwa: ncha ya magharibi ya Pyramid, kisha Ilemba, kisha Kiringiti, kisha Mageta. Ukiufuata, Migingo kinaangukia upande wa Kenya kwa umbali wa nusu kilomita hivi. Mei 2009 Rais Museveni, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikiri kwamba kisiwa ni cha Kenya, akasisitiza kwamba maji ya pembeni yake ni ya Uganda. Kwa kauli hiyo, mvuvi anaweza kulala Kenya na kuvunja sheria kwa kutupa wavu mlangoni. Hata hivyo Rais Kibaki hakupeleka manowari, na nchi hizo zikakubaliana kupima mpaka kwa pamoja.

Alilaumiwa kwa woga. Nadhani alikuwa sahihi, na ushahidi ni miaka ambayo hapakuwa na wa kuuliza maswali. Februari 1976, Jumuiya ikiwa inaelekea kufa, Amin alidai kipande kikubwa cha magharibi mwa Kenya. Mizigo ya Uganda ikazuiwa Mombasa na nchi zikasogeleana na vita. Desemba 1987, Jumuiya ikiwa kaburini, askari wa Kenya na Uganda walirushiana risasi Busia kabla ya Moi na Museveni kukutana Malaba. Tangu Jumuiya irejeshwe kwa mkataba wa 1999, ugomvi wa mpaka umekuwa na mahali pa kupelekwa, na biashara ya kupotezwa: Uganda ni mnunuzi mkubwa wa bidhaa za Kenya, na shehena yake nyingi hupita Mombasa. Mwaka 2009 waliomkatalia Kibaki vita walikuwa ndani ya hesabu zake mwenyewe, nao walitosha.

Sasa nifike kwenye pingamizi ambalo mtu wa Muhuru Bay atanitolea, na ambalo ni gumu kuliko la Kagera. Atasema: amani hiyo unayoisifu mnailipia kwa mgongo wangu. Miaka mingi imepita tangu upimaji wa 2009. Uganda imeweka wanajeshi ziwani tangu 2017 kusimamia uvuvi, Kenya ilizindua Walinzi wa Pwani mwaka 2018, na bado mvuvi ndiye anayekamatwa, ndiye anayelipa. Marais hawapigani, mimi napigwa. Sina jibu la kumtuliza, kwa sababu anasema kweli. Kwenda pamoja kulikoepusha vita kukiishia hapo kunakuwa uvivu wa pamoja. Lakini jeshi halitamrudishia injini yake. Kenya ikikitwaa kisiwa kwa nguvu kesho, itakuwa imeshinda nusu ekari ya mwamba ambayo Museveni alikwisha kuikubali kwa mdomo, na itakuwa imepoteza maji, kwa kuwa samaki wote wa maana wako upande ambao boti za Kenya zitafukuzwa kwa bunduki. Vita vingekipatia kisiwa bendera na kukinyang'anya mbuta.

Kinachohitajika ni ule ushirikiano ulioishia njiani usukumwe mpaka mwisho wake. Nchi zote tatu za ziwa zina Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria huko Jinja tangu 1994; linaweza kutoa leseni moja inayotambulika pande zote, ili askari wa nchi yoyote akague wavu na ukubwa wa samaki badala ya kukagua mtu ametoka ufuo gani. Doria ziwe za boti moja yenye maafisa wa nchi mbili, ili anayempiga mvuvi awe na shahidi asiye wa jeshi lake. Na mpaka wenyewe, kama majirani wameshindwa kuutia saini, upelekwe The Hague, kama Somalia ilivyoipeleka Kenya mwaka 2014, wakati KDF ingali Kismayu, kuhusu mpaka wa baharini. Kenya ilisusia hatua za mwisho za kesi ile, na hukumu ya Oktoba 2021 haikuipendeza. Lakini hakuna mvuvi wa Lamu aliyekufa vitani kwa ajili yake.

Wabunge wa Nyatike na wa Suba zote mbili wanajua njia ya kufika kwenye Kamati ya Ulinzi na Mambo ya Nje. Wasiende kuomba manowari. Waende wakadai ripoti ya upimaji wa mwaka 2009 iwekwe mezani, na Waziri aulizwe, kwa tarehe, ni lini mara ya mwisho aliketi na mwenzake wa Uganda kuijadili. Na wananchi wa fuo za Migori na Homa Bay wawaulize wabunge hao swali hilo hilo kabla ya kuwapa kura.